Mawe ya Jumapili ya Mavuno

Maringo, Nairobi
Jumatano, 12 Novemba

Mpendwa dada yangu Muthoki, Mama Wavinya,

Nakuamkia kwa jina la Bwana wetu, ambaye ametufikisha mwezi huu tukiwa bado tunapumua. U hali gani huko Wamunyu? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama kupalilia? Na mumeo, Mzee Mutie, vumbi la mbao limeachana na kifua chake au bado anakohoa kila akishika tezo? Mwambie namsalimu sana, na kwamba mlango aliotupakia rangi ya kijani mwaka ule wa mafuriko bado uko vilevile, ingawa kwa chini umeanza kuoza. Nimesikia mvua imewafikia na kunde zimeota, nikafurahi. Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio ninaotaka kukuandikia habari zake.

Dada, najua umeshafua blanketi na kumtengea Wavinya chumba. Wavinya hatakuja Ijumaa. Tafadhali keti chini kabla hujaendelea. Yuko hai, yuko hapa nyuma yangu anachambua mchele, na mtoto anacheza tumboni. Lakini damu yake imeingia sumu, na sumu hiyo ilipitia mikononi mwangu. Yeye mwenyewe hajui bado kwamba safari haipo. Mkoba wake uko mlangoni, ameshaufunga. Wiki jana nilikupigia simu mara mbili nikitaka kukuambia. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza habari za kunde. Mara ya pili nikakuuliza kama mbuzi amezaa. Ukacheka ukasema, Adhiambo, siku hizi unapiga simu kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Sikuwa nimesahau, dada. Ulimi ulikataa. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu karatasi hainikatizi wala hailii.

Nianze na kazi, maana bila kazi hutaelewa lolote. Unajua niliacha kuchemsha sabuni mwaka jana. Sababu ni kwamba kulikuwa na binti mmoja wa Kisomali anaitwa Yurub, mwembamba, mpole wa sauti, daktari lakini si wa wagonjwa, ni wa kemia. Alikodi godauni ndogo kule Industrial Area na akawa anatafuta mtu asiyeogopa kostiki soda. Akaambiwa kuna mama wa Maringo amechemsha sabuni miaka kumi na minane na vidole vyake vyote bado vipo. Akaja hadi hapa mlangoni. Aliponiuliza nimesoma hadi wapi nikamwambia darasa la saba, akasema kostiki haiulizi cheti.

Kazi yenyewe ni kuotesha mawe. Usicheke, na mimi nilicheka. Tunachukua yale mawe mepesi ya volkano kutoka Bonde la Ufa, yale yanayoelea majini, tuliyokuwa tukisugulia visigino Jumamosi jioni mimi na wewe uani, ulipokuwa jirani yangu hapa Maringo. Tunayavunja yawe kama punje za mahindi, tunayachekecha, tunayaosha, kisha tunayafungia pamoja na maji ya kostiki ndani ya mitungi ya chuma yenye vifuniko vya skrubu na kuyaweka kwenye oveni siku tatu kwa moto wa kadiri. Yakitoka yameota. Kila jiwe limevaa weupe, fuwele ndogondogo kama chumvi inayoganda kwenye mdomo wa chungu. Zeolaiti, ndilo jina lake. Tunayaosha tena hadi maji yaache kuteleza mkononi, ndipo tunayaanika.

Yurub alinionyesha fuwele hizo kwa darubini. Akasema kila moja ndani yake ni vyumba vitupu, vingi kuliko nyumba zote za Eastlands, na kila chumba kina mpangaji mdogo wa chumvi. Maji yenye sumu yakipita, risasi, ile ya betri za magari, inabisha hodi. Mpangaji wa chumvi anatoka, risasi inaingia na kufunga mlango. Maji yanaendelea na safari yake yakiwa safi, na sumu inabaki ndani ya jiwe. Dada, nilimtukuza Mungu siku ile nikiwa na glavu mkononi. Nilifikiri juu ya miaka yote niliyokanyaga mawe yale.

Tuliweka mapipa matatu Mukuru kwa Reuben, karibu na shule ya chekechea, mahali ambapo zamani kulikuwa na watu wanaoyeyusha betri. Watu wale walihama lakini udongo haukuhama, na kisima kiko hapo hapo. Maji yakawa yanapita kwenye mapipa yetu kwanza. Vijana wa pale wakinipita wananiamkia, niaje mathe wa mawe, nami nawajibu poa wanangu, na wanacheka jinsi ninavyolitamka. Nilikuwa na raha, sikufichi.

Jiwe likishajaa tunalitoa pipani na kuweka jipya. Yale yaliyotumika tunayaanika juu ya bati, tunayatia kwenye magunia yenye alama ya rangi nyekundu na kuyafungia stoo yakingoja kumiminiwa saruji yasiguswe tena. Hapo ndipo Yurub alikuwa na sheria moja tu, na aliisema bila upole: jiwe lililotumika halitoki langoni. Rangi hiyo nyekundu nilikuwa naipaka mimi.

Sasa nije kwa mtoto wetu. Mimba ya kwanza ilitoka kabla hajamwambia hata mumewe Maingi. Ya pili uliizika wewe mwenyewe kwa mikono yako, sitaki kuirudia. Hii ya tatu tukakubaliana, wewe na mimi, kwamba kwa kuwa Maingi yuko na lori njiani kwenda Juba, binti akae kwangu karibu na kliniki. Ulinishika mikono miwili pale stendi ya basi ukaniambia nimtunze. Nilikuambia nitamtunza kama mboni ya jicho. Nayakumbuka maneno yangu.

Unajua desturi ya Jumapili ya Mavuno kanisani kwetu, kila mtu huleta kazi ya mikono yake, ikaombewa, kisha ikapigwa mnada. Kila mwaka nilikuwa naleta miche ya sabuni na akina mama wanaigombania. Mwaka huu sikuwa na sabuni. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe wakaanza kunichokoza pale nje ya kanisa: Mama Sabuni, mwaka huu utatuletea nini, kokoto? Wakapigana viganja. Kiburi kikanipanda. Nikawajibu ndiyo, nitawaletea kokoto, na mtazitazama mkiwa kimya. Nikamwomba Yurub kopo moja la mawe mapya, akakubali kwa furaha, akasema nichukue kwenye mawe yatakayotoka Ijumaa.

Basi tarehe kumi na nne Septemba nikapeleka kopo la siagi limejaa mawe meupe, nimelifunga utepe wa zambarau. Habari za Jumamosi iliyotangulia nitazifikia. Usinisukume dada, niache nipite hapa kwanza.

Dalali wetu ni Mzee Job, unamkumbuka, yule asiyeweza kutangaza hata matanga bila mzaha. Akauza jogoo, akauza malenge, akauza mkungu wa ndizi. Akafika kwa kopo langu, akalitikisa karibu na kipaza sauti likalia kama kayamba. Akasema jamani, Ibilisi alimwendea Bwana na habari ya mawe akashindwa, leo Mama Sabuni amekuja kujaribu tena! Kanisa zima likaangua kicheko, hadi kwaya. Akauliza ni nani atayachukua akapikie githeri, ila ajiandae na kuni za kutosha. Mimi nimesimama pale mbele. Nikaomba kipaza sauti. Nikaeleza kwamba mawe haya hunyonya sumu kwenye maji, kwamba watoto wa Mukuru wanakunywa maji safi kwa sababu yake, na kwamba haya ni mapya, yametoka kwenye oveni juzi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee Job akauliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili. Nilitamani sakafu ifunguke.

Ndipo nikasikia sauti kutoka viti vya nyuma: Mzee, leta hapa, hayo ni ya Anti yangu. Alikuwa Wavinya. Akaja mbele polepole, tumbo limeanza kuonekana, anatabasamu kama mtu aliyenunua dhahabu. Dada, hakuyanunua kwa kuwa anayahitaji. Aliyanunua ili mimi nisiaibike.

Kisha Pasta akawaita wote walionunua akawaombea. Alipofika kwa Wavinya akaweka mkono mmoja juu ya kopo, na kwa kuwa alimwona ni mjamzito akamwambia aweke mkono wake mwenyewe tumboni, akaomba kwamba kilicho koponi kiwe baraka kwa kilicho tumboni. Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Na mimi niliitikia.

Kopo likakaa kwenye rafu, kando ya Biblia na redio.

Mwezi wa kumi Wavinya akaanza kulalamika tumbo. Mara linamkaza, mara siku nne hajaenda choo, mara kichwa. Nikasema ni mimba. Nikamkatia papai, nikampikia uji wa wimbi, nikamwambia hata mama yako alikuwa hivyo. Jumapili ya tarehe ishirini na sita tumetoka kanisani, nikawa nafuta vumbi pale kwenye rafu. Nilipoliinua lile kopo mkono wangu uliruka juu, kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Nikalifungua. Yamebaki mawe kama konzi moja.

Nikamwita. Alikuja kutoka jikoni, na kwenye pembe za midomo yake nikaona weupe.

Dada, unakumbuka ulipokuwa na mimba yake huyu huyu, ulivyonituma soko la Burma kwa yule mama aliyekuwa akiuza mawe laini nyuma ya bucha, yale sisi Wajaluo tunayaita odowa? Alikuwa akikufungia kwenye gazeti. Ulikuwa unayatafuna hadi midomo inakuwa kama ya mtu aliyebusu unga, na Mzee Mutie anakutania kwamba utazaa mnara. Basi damu ni moja. Wavinya aliniambia hamu ilimshika tangu mwezi wa nne wa mimba, lakini muuguzi wa kliniki alimkataza mawe ya sokoni kwa sababu ya minyoo. Akasema haya aliyaona ni bora: yamepikwa, yameoshwa, yananata ulimini vizuri kuliko ya sokoni. Na kisha akainamisha macho akaniambia, Anti, si yaliombewa? Si ulisema yananyonya sumu? Nilidhani yatanyonya kile kitu kilichonichukulia wale wawili.

Alikuwa anakula machache asubuhi na machache jioni, kama dawa, na kabla ya kula anaomba. Wiki sita.

Sikumpigia kelele. Nilitoka nikaenda uani nikashika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi sana nilikuwa godauni kabla ya Yurub. Nikamwekea kopo mezani nikamweleza mgonjwa ni nani na amekula kiasi gani. Alinitazama kana kwamba nazungumza lugha nyingine. Akachukua mawe mawili akayapeleka kupimwa, na Jumatano akarudi na karatasi, uso wake umebadilika rangi. Yalikuwa na risasi. Akaniuliza, Mama, haya si ya oveni, haya yamekaa pipani, yalifikaje koponi? Nami nikajibu, labda yalichanganyika.

Nikajitetea kwamba hata hivyo yalioshwa vizuri. Akatikisa kichwa. Akasema maji hayaitoi risasi humo hata ukiosha mwaka mzima, hiyo ndiyo kazi ya jiwe. Kinachoitoa ni chumvi na ukali wa asidi. Na tumbo la binadamu, akasema, lina vyote viwili.

Tulimpeleka Wavinya hospitali siku ileile, akatolewa damu, na damu ikapelekwa kwenye maabara kubwa. Tukawa wa kungoja. Siku hizo za kungoja sitazieleza. Nitakuambia tu kwamba Wavinya alikuwa ananifariji mimi. Alikuwa akisema, Anti, kosa ni langu, nilikula kitu kisicho chakula kama mtoto mdogo, mama akisikia ataniua. Nami namwambia nyamaza, hakuna wa kukuua. Basi. Sikusema zaidi ya hapo.

Na neno langu lile moja, yalichanganyika, likaanza kutembea lenyewe. Yurub akasema kama mawe yaliyotumika yameweza kuchanganyika na mapya bila yeye kujua, basi huenda hata mapipa ya Mukuru yana mchanganyiko. Akayafunga yote matatu. Akaanza kupima gunia moja moja, hali chakula, anasema mbele yangu kwamba yeye ndiye mzembe, kwamba alipaswa kuweka stoo mbili. Wiki jana nilipita Mukuru, mama mmoja akanishika kanga, akaniuliza mathe wa mawe, mbona mmetufungia? Akaniambia watoto wa chekechea wamerudi kunywa ya kisima moja kwa moja, mnataka wafanyeje? Nikamwambia ni ukaguzi tu.

Majibu ya damu yalitoka juzi Jumatatu. Risasi imo, kupita inavyotakiwa, lakini si kiwango cha kutisha sana. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, akatuuliza swali moja. Akasema namba hii inaweza kuwa na maana mbili. Kama mawe mengi yalikuwa mapya na machache tu yenye sumu, damu itajisafisha yenyewe. Wavinya anaweza kwenda kupumzika kwa mama yake, arudi baada ya mwezi apimwe. Lakini kama alikuwa akila yenye sumu tupu wiki zote sita, basi nyingine imejificha kwenye mifupa, na mtoto anapotafuta chokaa ya kujenga mifupa yake ataivuta kutoka hapo hapo. Huyo hawezi kusafiri popote. Huyo anapimwa kila wiki na kuonwa na mtaalamu. Akatutazama wote wawili. Ni lipi kati ya haya?

Wavinya akasema, Anti alisema yalichanganyika.

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Daktari akaandika. Ndivyo safari ya Ijumaa ilivyopatikana, Muthoki. Ndivyo ulivyofua blanketi.

Sasa nimefika kwenye ile Jumamosi. Siku ya Alhamisi yake stima ilipotea mtaa wote wa viwanda, oveni ikapoa katikati, na Ijumaa tulipofungua mitungi mawe yalitoka yanateleza kama samaki, hayakuota kitu. Hapakuwa na jiwe jipya hata moja, ingawa Yurub alidhani nilikuwa nimeshajitengea yangu katika mawe ya nyuma. Jumamosi Yurub alikuwa Mukuru, mimi niko peke yangu godauni. Na pale juani, juu ya bati, kulikuwa na mawe ya pipa la pili, niliyoyatoa kwa mikono yangu mwenyewe siku mbili kabla. Kopo la rangi nyekundu liko pembeni na brashi ndani yake. Hayakuchanganyika na kitu. Nilikaa kwenye kigoda nikachagua yale meupe zaidi, moja moja, hadi kopo likajaa. Nikayaosha mara saba. Ndiyo, mara saba, nikimkumbuka Naamani mtoni, nikajiambia mara saba inatosha. Nikajiambia ni ya kutazamwa tu, ni nani atakula jiwe? Mimi, Muthoki, niliyekununulia wewe mawe Burma kwenye gazeti, ndiye niliyesema ni nani atakula jiwe.

Yote hayo nilifanya ili akina mama wasinicheke. Na walicheka vilevile.

Ningeweza kusema pale mbele ya kanisa. Ningeweza kusema wakati Wavinya ananyanyua mkono. Ningeweza kusema Jumatatu, na Jumatano, na mbele ya daktari mwenye miwani. Kila mara nilimwona Yurub akininyang'anya kazi, nakuona wewe unaniondolea udada wako, na nikanyamaza. Nimeomba kila siku Mungu ampunguzie risasi yule mtoto. Asubuhi hii nikiwa nimepiga magoti nikaona aibu ya kumwomba Mungu afanye kazi ambayo mdomo wangu ungeweza kuifanya kwa dakika moja.

Mchele umeisha kuchambuliwa. Naiweka kalamu chini. Nitamsomea barua hii yeye kwanza, kabla yako.

*

Alhamisi asubuhi.

Dada, naendelea. Nilimwita jana akaketi kitandani, nikamsomea kuanzia salamu. Mistari miwili niliirudia ili isije ikawa nimeiruka. Nilipofika kwenye bati na kigoda aliacha kucheza na utepe wa gauni lake. Nilipomaliza, redio ya jirani ilikuwa inatangaza vifo, jina baada ya jina.

Kisha akaniuliza swali moja. Aliniuliza kama siku ile alipokuwa anatoka viti vya nyuma kuja mbele, nilikuwa najua. Nikamwambia nilikuwa najua.

Hakulia. Aliinuka, akavaa viatu, akalichukua kopo kutoka pale kwenye rafu akaliweka kwenye mfuko wake. Akasema twende hospitali sasa hivi, si kesho, na utamweleza daktari kwa mdomo wako mwenyewe, mimi nitakaa hapo nisikie. Tulitembea hadi barabarani, yeye mbele, mimi nyuma kama mtoto anayepelekwa shuleni.

Nilimweleza daktari yote. Aliirudisha ile faili, akakata alichoandika Jumatatu, akaandika upya. Amepewa dawa za kuongeza damu na za chokaa, anywe maziwa, atolewe damu kila Jumatano, na Jumanne ijayo ataonwa na mtaalamu. Alisema tumechelewa siku mbili, si mwezi mzima, na hilo ni tofauti kubwa. Zaidi ya hapo hakuahidi, nami sikuahidi kwa niaba yake. Kisha akaweka chombo tumboni tukausikia moyo wa mtoto. Unaenda mbio, dada, unaenda kama cherehani. Wavinya aligeuzia uso ukutani akausikiliza, nami nikausikiliza nikiwa mlangoni, kwa sababu hakuniambia nisogee.

Kutoka hapo nilikwenda godauni peke yangu. Nilimkuta Yurub katikati ya magunia na daftari lake. Nilimweleza yote. Alichukua simu akapiga Mukuru, akawaambia wafungue mapipa, mawe ni salama. Akaisema mara tatu, salama, salama, salama, na machozi yanamtoka. Kisha akaniambia, Mama, acha funguo mezani. Nikaziacha. Jumapili nitaomba kipaza sauti kanisani kwa mara nyingine. Mzee Job na atanie akipenda.

Tangu jana Wavinya hajaniita chochote. Si Anti, si Mama, si kwa jina. Akitaka chumvi anasema chumvi iko wapi, kana kwamba anauliza ukuta. Sijamlaumu. Anakula ninachopika na hilo linanitosha.

Muthoki, sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje. Njoo umkalie mtoto wako, na ukitaka nihame nyumba hii mkiwa humu nitahama. Ukitaka nibaki nichote maji na kufua, nitabaki. Ulinikabidhi kwa mikono miwili, nami nakurudishia habari kamili, maana ndicho kitu pekee nilichobaki nacho kilicho safi.

Msalimu Mzee Mutie, na umsomee yote, usimfiche. Wasalimie majirani na akina mama wa kanisa la huko, waambie watuombee, lakini wasiombee kitu chochote cha kopo. Bwana awalinde ninyi na mvua yenu.

Mimi niliyekuwa dada yako, na ninayetamani kuwa bado,
Adhiambo wa marehemu Owuor

Hapa chini nimemwachia Wavinya nafasi aandike lake. Nitampa na bahasha aifunge mwenyewe, kisha nitaituma na basi la mchana ikufikie leo. Sitasoma.

*

Mama, ni mimi. Nimesoma yote, ni kweli, hakuna alichoruka. Nimemkasirikia bado. Saa zingine nikimsikia anaosha vyombo natoka nje nikae kwa ngazi. Njoo Jumamosi na basi ya asubuhi. Lete maziwa ya mbuzi kama amezaa. Na lete blanketi mbili, si moja. Hii ya Anti amenifunika nayo mimi tangu mvua ianze, na yeye analala na leso akitetemeka, anadhani sioni.

Wavinya